Wageni wa meli, siku moja Unguja: nichague nini?

Kijenge Juu:
Wakuu, habari za leo. Ofisi yetu hapa Arusha imezoea Tarangire na Ngorongoro, sasa tumepewa kazi ya baharini. Familia ya watu wanane wanashuka na meli ya kitalii Unguja siku ya Ijumaa, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Meli inafunga gatini saa 2 asubuhi, mwisho wa kupanda ni saa 10:30 jioni. Wawili wamepita miaka 70, mmoja anatembelea mkongojo. Watoto wana miaka 9 na 12. Wameomba mashamba ya viungo, kobe wa kisiwa cha Changuu, kima punju wa msitu wa Jozani na kuogelea Nungwi. Yote! Nikate lipi?

Mzee wa Pasua:
Piga hesabu kuanzia mwisho, mkuu. Mwisho wa kupanda saa 10:30, basi wawe lango la bandari, Malindi, saa 9:30, kwa sababu boti za Dar zinashusha watu eneo hilohilo na barabara ya pale huziba. Asubuhi nako hakuna anayeshuka saa 2 kamili: kuna ukaguzi, na waliokata ziara za meli ndio hutangulia. Weka saa 3. Umebaki na saa sita na nusu.

Nungwi ni kama kilomita 60, saa moja na nusu kwenda na ileile kurudi. Futa. Jozani ni kilomita 35 hivi, inawezekana: saa moja njiani, moja na nusu msituni, saa moja kurudi. Ila ukiichukua, Changuu inakufa.

Uliza tena kama kweli meli inafunga gatini. Ikitia nanga nje, abiria wanaletwa kwa boti ndogo na foleni yake inakula muda pande zote mbili, na mwenye mkongojo kushukia boti inayocheza ni shughuli. Halafu meli nyingine haibadilishi saa yake kufuata ya bandarini. Mgeni mwandikie 15:30, dereva mwandikie saa 9:30 alasiri. Ukiwatumia wote karatasi moja yenye 9:30, mmoja wao atakuja asubuhi.

Mama Njoro:
Kwa tarehe hiyo kaka, ratiba inapangwa na maji. Siku mbili baada ya mwezi mpevu ni bamvua: maji yanapwa kabisa karibu saa 5 asubuhi, yanajaa karibu saa 11 jioni, na tofauti inaweza kukaribia mita 4. Wenye boti wengi huanza na Changuu, kisha fungu la mchanga la Nakupenda. Siku hiyo pindua. Tokeni saa 3:30, kaeni Nakupenda mpaka saa 6 fungu likiwa wazi, maana alasiri linafunikwa na maji. Changuu mtafika maji yameanza kurudi. Mkifika yakiwa yamekupwa, boti inasimama mbali na watu wanatembea juu ya mawe yanayoteleza, yenye wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Kila mtu awe na viatu vya raba, hata watoto. Ondokeni saa 8, kwa boti ni dakika 20 hadi 30 tu.

Kobe wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na gereza lililojengwa miaka ya 1890 halikufunga mfungwa. Likawa karantini ya homa ya manjano. Hiyo inawatosha watoto. Wasipande migongo ya kobe.

Bei patana kwa boti nzima, siyo kwa kichwa, na uliza kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo. Hesabu majaketi ya kuokolea, yakiwemo mawili ya saizi ya mtoto. Na kwa kuwa ni Ijumaa, nahodha akubali mapema kuwa baharini saa ya swala. Wengine hawakubali, na wana haki.

Sakina Kwa Iddi:
Naafiki, lakini wazee wasiende huko kulowa hadi magotini. Gawa kundi. Wazee na mtu mzima mmoja wachukue gari kwenda viungo upande wa Kizimbani au Kidichi, dakika 30 hadi 40. Matembezi yenyewe ni saa moja na nusu polepole, ardhi si ya mlima, ila mvua ikinyesha udongo unateleza, kwa hiyo omba shamba lenye viti njiani. Chakula cha mchana wale hukohuko: Ijumaa kati ya saa 6 na 8 maduka mengi ya Darajani yanafungwa na madereva wako msikitini.

Saa 8 warudi mjini, waende Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Vyumba vya chini vina dari fupi na ngazi nyembamba, mwenye mkongojo abaki juu uwanjani kwenye sanamu. Jumba la kale la Beit al-Ajaib usiliweke kwenye ratiba kama mahali pa kuingia, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mabega na magoti yafunikwe mjini.

Na usimpeleke mwongoza watalii wako wa Arusha akaongoze. Utalii si jambo la Muungano, tafuta kampuni iliyosajiliwa Unguja.

Kijenge Juu:
Asanteni sana. Nungwi na Jozani nimekata. Kundi moja likichelewa?

Mzee wa Pasua:
Meli huzisubiri ziara ilizouza yenyewe. Zako haizisubiri. Kila mtu mzima abebe nakala ya pasipoti na namba ya wakala wa meli pale bandarini, na makundi yote mawili yakutane Forodhani saa 9 kabla ya kwenda langoni. Mwambie dereva ashike karatasi yenye jina la familia asubuhi, la sivyo papasi, wale vijana wanaovizia wageni, watawachukua kabla hajawaona.