Fungo, kanu au nguchiro? Nisaidieni kumtambua huyu mgeni wa uani

Mama Pacha
Wakuu, salaam. Kuna mnyama anaingia uani kwangu usiku, hii wiki ya pili, na kila ninayemsimulia ananipa jina lake. Mume wangu kashikilia ni paka pori. Jirani kasema mtoto wa chui. Nikamcheka, ila usiku ule mlango sikuufungua.

Nilivyomwona: manyoya ya kijivu yenye madoa meusi, mkia una pete pete, mrefu haswa. Mara ya kwanza alikuwa juu ya paa la banda la kuku, akateleza ukingoni bila kishindo, akatoweka. Mara ya pili alikuwa chini, kando ya ndoo, anakula mapapai yaliyoanguka. Nilipommulika tochi akanigeukia, uso mweusi kama kavaa miwani. Mara nywele za mgongoni zikasimama toka shingoni hadi mkiani, akawa mkubwa hapo hapo mbele ya macho yangu. Akaondoka zake mdogo mdogo, wala hakukimbia.

Siku mbili kabla nilikuta kuku mmoja kafa, kichwa hakuna. Picha sina, simu ilikuwa kwenye chaji. Ni nani huyu?

Msasi Mstaafu
Kanu. Madoa, mkia mrefu wa pete, anatembea juu ya paa, kuku hana kichwa. Unataka ushahidi gani tena? Kanu ana kilo 2 hivi, mwembamba kama soksi, kwenye upenyo unaoudharau yeye anapita. Akiingia bandani anaweza kuua zaidi ya anachokula, kisha anakuachia mizoga.

Jongoo Mvua
Shikamoo mzee wangu, ila huo uso mweusi umeuruka. Kanu hana barakoa. Uso wake ni mwembamba, una mabaka meupe chini ya macho. Barakoa nyeusi, nywele za mgongo kusimama, mapapai ya chini, kuondoka kwa maringo: huyo ni fungo, wengine mnamwita ngawa. Ndiye mwenye zabadi, ile iliyotiwa kwenye manukato tangu enzi. Fungo mkubwa anafika kilo 15 na kupita, miguu mirefu, mwendo wake wa kimbwa mbwa.

Msasi Mstaafu
Marahaba. Kuna kanu naye anasimamisha nywele za mgongoni, usinifundishe. Na fungo toka lini akapanda paa?

Jongoo Mvua
Hapo kwenye paa umenibana, nakiri.

Binti Bustani
Mbona hamjamtaja nguchiro? Mimi kwangu ndiye aliyenisumbua, tena nikamtafuta kwa miezi nikidhani ni paka. Wengi wanajua nguchiro ni wa mchana, lakini yupo mmoja mkubwa mwenye mkia mweupe anayetoka usiku. Gizani unachoona ni ule mkia tu, kama kitambaa kinatembea chenyewe.

Hata hivyo nguchiro hana madoa. Kama dada una hakika na madoa, mtoeni. (Nje ya mada: nguchiro wa miraba akipata yai huligeuzia mgongo, akalirusha katikati ya miguu ya nyuma mpaka ligonge jiwe. Nimeshawahi kuona, nikacheka peke yangu.)

Kipanga
Na shemeji yetu asibezwe, paka pori wapo na wanaingia majumbani. Ila mtazameni huyu mnyama anakula nini. Paka pori ni wa panya na ndege, papai atalinusa tu na kupita. Halafu alama zake ni mistari hafifu, si madoa, na nyuma ya masikio ana wekundu wa kutu. Tatizo ni kwamba anazaana na paka wa nyumbani, hivyo kuna machotara ambao hata mimi siwasemei.

Tukisema "kama paka" tunajipoteza wenyewe. Kanu na fungo si paka kabisa, ni jamii moja wao kwa wao. Ndiyo maana wote wawili wana madoa na pete, na ndiyo maana madoa hayatatusaidia humu hata tukikesha.

Jongoo Mvua
Sawasawa Kipanga. Basi tuachane na rangi. Dada Mama Pacha, umesema alisimama kando ya ndoo. Mgongo wake ulifika wapi ya ndoo? Kesho mchana nenda na futi ukapime. Kanu mabegani hafiki hata sentimita 25. Fungo anakaribia 40. Nywele zikisimama zinadanganya, kwa hiyo kumbuka alivyokuwa kabla hujammulika vizuri.

Pili, tafuta choo chake. Fungo hujisaidia pahala pamoja, anarudi na kurudi mpaka panakuwa na lundo. Kanu naye ana kawaida ya kuchagua pahala, ila hupenda juu: kwenye jiwe, panda ya mti, hata paa.

Tatu, nyayo kwenye tope. Kanu huficha kucha kama paka. Za fungo haziingii ndani, kwa hiyo alama yake utadhani ni ya mbwa mdogo.

Sindano
Mimi wanyama ndiyo kazi yangu, nawasoma kimya kimya, ila hapa kwenye kupima pima naomba niingilie. Dada, mchana tu, na akiwemo usimzibie njia ya kutokea. Anayekula papai usiku na kuondoka akikuona hana neno. Wa kumwogopa ni yule anayekuja mchana kweupe hana woga, anayumba, anang'ata kila kitu. Huyo inawezekana ana kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo haumpati mbwa peke yake. Mtu akiumwa au hata kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo. Msingoje dalili. Dalili zikishatokea ni kifo.

Na mbwa na paka wenu wachanjwe. Nimemaliza, endeleeni.

Mama Pacha
Nimerudi. Ndoo ni ya lita 20, nimepima, ina sentimita 38. Mgongo ulikuwa usawa wa ukingo kabla hajasimamisha nywele. Nina hakika kwa sababu kichwa alikiinua juu ya ndoo kunitazama.

Choo nimekipata, kwa kweli nilikipata kwa pua. Nyuma ya uzio, chini ya mti, lundo la siku nyingi, la chini limekauka na kupauka, la juu bichi. Nimechokonoa kwa kijiti (mume wangu kasimama mbali kashika kiuno). Mna mbegu za papai, na vipande vyeupe vya mviringo, vigumu, kama shanga zilizovunjika. Vingi mno. Nyayo moja ninayo, ina ncha za kucha mbele ya vidole.

Jongoo Mvua
Hizo shanga ni magamba ya majongoo! Wanyama wengi hawamgusi jongoo kwa ile sumu yake, fungo anamla bila wasiwasi. Mzee Msasi, unasemaje?

Msasi Mstaafu
Nasema huyo wa ndoo ni fungo, sibishani na choo. Ila paa bado ninalo. Mama Pacha, mwanangu, yule wa paani uso wake uliuona?

Mama Pacha
Hapana. Niliona mgongo na mkia tu.

Msasi Mstaafu
Mkia ulikuwa sawa na mwili au nusu yake?

Mama Pacha
Sawa na mwili, kama si zaidi. Nilidhani ni nyoka anamfuata.

Msasi Mstaafu
Haya. Mkia wa fungo ni kama nusu ya kiwiliwili, na mwishoni ni mweusi tu. Mkia sawa na mwili, pete hadi karibu na ncha: kanu. Binti, una wageni wawili, ukatusimulia kama mmoja.

Binti Bustani
Hahaha! Siku nzima watu wanagombana na wote wako sawa.

Kipanga
Kasoro shemeji.

Sindano
Aliyeua kuku basi nadhani ni wa juu. Ziba banda kwa waya wa matundu madogo, na pale paa linapokutana na ukuta usiache nafasi hata ya ngumi. Sumu usitege, atakula paka wa jirani.

Mama Pacha
Waya umefungwa jana. Usiku nimesikia vidole paani, vikazunguka banda mara mbili, vikaondoka. Mapapai ya chini nimeyaacha yalivyo, huyu mwingine sina ugomvi naye. Mume wangu nimemsomea uzi wote toka juu, kasikiliza mpaka mwisho, kasema sawa, lakini yule aliyemwona yeye alikuwa paka pori.