Nina shahada ya ualimu, nataka kufundisha Kiingereza nje: nianze na cheti kipi?

Kijana_wa_Wete

Assalamu alaykum wana jukwaa. Nipo Pemba, nina shahada ya sanaa na elimu, masomo yangu ni Kiingereza na Kiswahili, na sasa nasomesha skuli ya sekondari. Nia yangu ni kuhamia nje na kuishi kwa kazi ya kusomesha Kiingereza. Nimeona kozi ya TEFL (kusomesha Kiingereza kwa wageni) ya mtandaoni, ya saa 120, inauzwa rahisi mno, na kuna wakala anasema nikishapata cheti hicho atanipeleka Korea Kusini, ila nimlipe nusu ya ada kabla. Naomba kujua: cheti hicho kinatosha au lazima CELTA, kile cha Cambridge cha kusomesha Kiingereza? Nchi gani zinampokea Mtanzania kwa kazi hii? Na karatasi gani nianze kuzishughulikia nikiwa huku huku? Wenye kuijua njia hii nisaidieni kwa undani.

Maalim_Vuga

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nianze na huyo wakala, maana hapo ndipo pesa itakapopotea. Usimpe kitu. Korea Kusini viza ya mwalimu wa lugha inaitwa E-2, na kwa walimu wa Kiingereza imewekewa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo, na hakuna cheti kitakachoiingiza. Anayekuahidi Korea ama hajui sheria ama anaijua na anakula pesa za watu. Wakala wa ajira hapa Zanzibar anatakiwa awe amesajiliwa. Mtake namba ya usajili, kisha nenda Kamisheni ya Kazi mwenyewe ukaiulizie, usiridhike na karatasi anayokuonesha yeye.

Ndiyo maana swali lako ningeligeuza: nchi kwanza, cheti baadaye. Pasi yako inakufungia milango mingi kabla mwajiri hajausoma wasifu wako, na pesa ya cheti haifungui hata mmoja kati ya hiyo.

China, kanuni yao ya jumla ni kwamba mwalimu wa lugha awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ndiyo lugha ya kuzaliwa nayo, tena awe na shahada. Kuna skuli zitakwambia njoo tu kwa viza ya biashara au ya mwanafunzi, karatasi tutazitengeneza ukifika. Usikubali. Kazi halali huko ni kwa viza ya Z na kibali cha kazi, na ukaguzi ukipita anayekamatwa, kutozwa faini na kurudishwa ni mwalimu.

Japani wana kipimo chengine. Kwa viza ya kusomesha skuli, asiyezaliwa na Kiingereza hutakiwa aoneshe kuwa amesoma miaka 12 kwa lugha hiyo. Piga hesabu ya mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili: sekondari hadi kidato cha sita ni miaka sita, chuo mitatu, jumla tisa. Umepungukiwa mitatu, na barua ya chuo haiizibi. Aliyesoma skuli ya Kiingereza tangu darasa la kwanza anaweza kufika.

Zilizo wazi kwako ni Vietnam na Thailand. Vietnam wanataka shahada, cheti cha kusomesha lugha, uthibitisho kuwa Kiingereza chako ni kiwango cha C1 au zaidi (ngazi za lugha huanzia A1 hadi C2, ya juu kabisa), rekodi ya polisi na cheti cha afya. Kibali cha kazi hakizidi miaka miwili, kisha kinaombewa tena. Thailand ni shahada, viza ya Non-Immigrant B, na ruhusa ya muda kutoka Baraza la Walimu lao, ambayo skuli ndiyo inayokuombea. Wasio wazawa wa Kiingereza kwa kawaida huombwa pia matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa TOEIC, alama 600 au zaidi. Jambo moja linaniuma lakini lazima ulijue: skuli nyingi za huko zina viwango viwili vya mshahara, cha wazawa wa Kiingereza na cha wengine, kwa kazi ile ile. Uliza mshahara kwa maandishi kabla hujakata tiketi.

Oman wengi wetu tuna jamaa, na hapo ndipo panapoponza. Viza ya matembezi si ruhusa ya kazi, hata kama mjomba ndiye aliyekuombea. Mwajiri aombe viza ya kazi kwa jina lake. Shahada yako ya elimu yenye somo la Kiingereza ina uzito huko kuliko shahada ya fani nyengine iliyopachikwa cheti cha lugha.

BiMwalimu_Kiembesamaki

Maalim keshazungumza nchi, mie niseme cheti.

Kozi za TEFL za mtandaoni hazina msimamizi mmoja. Yeyote anaweza kufungua tovuti akauza saa 120. Nyingi ni kusoma kurasa na kujibu maswali ya kuchagua, hakuna mtu anayekaa nyuma ya darasa akakutazama unavyosomesha. Kama skuli unayoitaka inahitaji karatasi tu kwa ajili ya kibali, cheti hicho kinaweza kutosha. Muulize mwajiri mwenyewe kwa barua pepe, si muuzaji wa kozi. Na kama shahada yako tayari ni ya ualimu wa Kiingereza, muulize pia kama cheti hicho kinahitajika kabisa.

CELTA ya Cambridge ni kitu chengine. Saa 120 za mafunzo, ndani yake saa sita unasomesha wanafunzi halisi watu wazima wa viwango viwili tofauti huku mkufunzi anakupima, saa sita za kuwatazama walimu wazoefu, na kazi nne za kuandika. Ukisoma kutwa ni wiki nne au tano, na ni wiki ngumu, usipange jambo jengine. Siku hizi inasomeka hata mtandaoni, ila umeme na intaneti lazima viwe vya kutegemewa, kwa sababu somo lako la kupimwa linapita kwenye simu ya video. Kabla ya kupokelewa kuna kazi ya sarufi na usaili, na Kiingereza chako kiwe C1 ya juu au C2. Cheti chengine cha aina hiyo, Trinity CertTESOL, kina uzito ule ule. Ada inatofautiana kituo hadi kituo, lakini hesabu zaidi ya paundi 1,000. Kwa mshahara wa mwalimu huku hiyo ni pesa ya miezi, kwa hiyo usiilipe kabla hujaijua nchi yako.

Sasa pahala wanapoanguka walimu waliotoka kwenye skuli zetu. Si sarufi, sarufi wanaijua kuliko Waingereza wengi. Wanaanguka kwa kusema sana. Darasa la watoto sitini linakuzoesha kuhutubia na kuandika ubaoni. Kwenye CELTA ukihutubia dakika kumi umeshapoteza somo.

Chukua sentensi “I have lost my key”. Huku tungeandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakanakili. Kule unaleta hali kwanza, mtu kasimama mlangoni anapapasa mifuko, kisha unauliza maswali mafupi ya kupima maana. Ufunguo anao sasa hivi? Hana. Tunajua ameupoteza lini? Hatujui. Tunalolitazama ni siku ulipopotea au hali yake ya sasa? Hali ya sasa. Ukishapata majibu hayo ndipo unakwenda kwenye umbo na matamshi. “Mmeelewa?” haihesabiki kuwa ni swali, kwa sababu darasa zima litaitikia ndiyo.

Kosa jengine dogo linalokula alama ni kugawa karatasi ndiyo ueleze kazi. Ukishazigawa, macho yote yapo kwenye karatasi na hakuna anayekusikiliza. Eleza, fanya mfano mmoja na mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake, ndipo ugawe.

Andalio la somo pia si lile tulilozoea. Kila hatua inataka lengo lake, dakika zake, nani anazungumza na nani, na safu ya matatizo unayoyatarajia pamoja na dawa ya kila moja. Wakufunzi wanaisoma safu hiyo kwa makini, ndiyo inayoonesha kama umewafikiria wanafunzi au umefikiria kitabu tu.

Matamshi: th na dh mtu wa huku anazo tangu chuoni kwa maalim, hizo zisikutie hofu. Kinachotushinda ni mkazo. Sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo “photograph” inatoka na mkazo kwenye “to”, na “photographer” inatoka na mkazo kwenye “gra”. Zote mbili si pahala pake: ya kwanza mkazo upo “pho”, ya pili upo “to”. Jirikodi ukisoma kwa sauti, kisha sikiliza mkazo tu, mengine yaache kwanza. Waajiri wengi hutaka video fupi ya kujitambulisha na somo la majaribio la dakika chache, na mkazo ndio wanaousikia mwanzo.

Kijana_wa_Wete

Allah awalipe kheri. Wakala nimeshamkataa. Naelekea Vietnam inshaallah. Mwenye shahada ya Kiingereza bado anatakiwa afanye mtihani wa Kiingereza wa IELTS? Na jina langu la pili limeandikwa “Hamis” kwenye cheti cha kuzaliwa, “Khamis” kwenye vyeti vya Baraza la Mitihani na vya chuo. Litaleta tabu?

Mchakato_Ng'ambo

Litaleta, na hilo ndilo la kwanza kushughulikia kabla ya kitu chochote. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vinatoka Baraza la Mitihani la Tanzania na kuvibadilisha jina ni kazi nzito, kwa hiyo fanya vyengine vifuate hivyo. Nenda afisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ya wilaya yako na vyeti vyote, uulizie marekebisho ya cheti cha kuzaliwa. Ikishindikana, wakili akuandalie hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Pasi ije baada ya hapo, iandikwe jina lile lile la kwenye shahada, herufi kwa herufi. Ada ya pasi ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Ukikata pasi kwanza kwa jina la cheti cha kuzaliwa utakuja kulipa mara mbili.

IELTS: shahada yako ni ya chuo cha Tanzania, kwa hiyo utarajie kuombwa uthibitisho wa C1. Kwa IELTS hiyo ni alama 7 kwenda juu. Mtihani upo Dar es Salaam, tia kwenye hesabu nauli ya boti na malazi. Matokeo yanakubalika miaka miwili tu, usiufanye kabla ya kuanza kuomba kazi. Wengi wa huku wanapoteza alama kwenye kuandika: kazi ya kwanza si chini ya maneno 150, ya pili si chini ya 250, yote ndani ya saa moja, na ya pili ina uzito mara mbili. Ipe kazi ya kwanza dakika 20, ya pili 40, usizidishe.

Hati ya tabia njema ya polisi iwe ya mwisho. Vietnam hawaipokei ikishapita miezi sita tangu ilipotolewa, na ukiichukua mapema itakufia mkononi wakati mwajiri bado anashughulikia kibali. Shahada na transkripti (orodha ya alama zako za chuo) zipitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina afisi Unguja pia, halafu ubalozi wa Vietnam ulioko Dar. Tafsiri kwa Kivietnam mara nyingi hufanywa huko huko kwa mthibitishaji wao, muulize mwajiri kabla hujalipia huku.

Maalim_Vuga

Nyongeza moja, na naomba usiipuuze. Unacho Kiswahili cha kusomea, si cha kuzaliwa nacho tu, na kwa Kiswahili wewe ndiye mzawa. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wana mpango wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, unaowapeleka vijana wenye shahada vyuo vya Marekani kusomesha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, kiasi cha miezi tisa. Angalia kwenye tangazo la ubalozi wao kama kwa sasa unapokea Watanzania. Hiyo si njia ya kuhamia, viza yake ya J-1 inakutaka urudi na ukae nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi huko, lakini mwaka wa kusomesha lugha kwa wageni unakaa vizuri kwenye wasifu popote. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) nao huendesha mafunzo ya kusomesha Kiswahili kwa wageni na kuwaandikisha wataalamu.

Na huku ukisubiri karatasi, wanafunzi wa mtandaoni wapo. Tovuti ya Preply, inayowakutanisha walimu na wanafunzi, inapokea walimu wasio wazawa wa Kiingereza, na Kiswahili pia kinatafutwa. Isome kamisheni yao vizuri: somo la kwanza la kila mwanafunzi pesa yote ni yao, baadaye wanaanzia asilimia 33 na inashuka hadi 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja anayerudi kila wiki ana faida kuliko kumi wa kujaribu mara moja. Panga saa zako jioni, baada ya skuli, na uziweke zile zile kila wiki.