Kiwanja cha umma kimezungushiwa mabati: je, mkazi wa kawaida anaweza kwenda kortini?

Mkazi wa Eastlands
Hamjambo wenzangu. Kiwanja cha watoto katika mtaa wetu, ambacho ramani ya mtaa inakionyesha kuwa ni cha umma, kimezungushiwa mabati, na walinzi waliowekwa pale hawamtaji aliyewaajiri. Baadhi ya majirani wanashikilia kwamba hatuwezi kushtaki kwa kuwa hakuna miongoni mwetu mwenye hatimiliki, na kwamba tukishindwa tutalipishwa gharama za upande wa pili. Je, ni kweli?

Msaidizi wa Sheria
Hoja ya hatimiliki ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jengo la orofa 60 katika bustani ya umma ya Uhuru Park, Nairobi, na kesi yake ikatupwa kwa sababu hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Jengo lile halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za umma na kusitasita kwa wafadhili, wala si na korti.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilibadilisha hali hiyo. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kutetea haki za kimsingi kwa niaba yake, ya kundi au kwa maslahi ya umma, tena bila ada ya kufungua kesi. Na Kifungu cha 70, kinachohusu mazingira, kinasema waziwazi kwamba mlalamishi halazimiki kuthibitisha kuwa amepata hasara. Peleka ombi lako Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani.

Mzee wa Mtaa
Hayo ni sahihi, ila tusimpe ndugu yetu matumaini ya bure, kwani kuruhusiwa kushtaki si kushinda. Tangu uamuzi wa korti katika kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, majaji hutaka mlalamishi aeleze bayana ni kifungu kipi kimekiukwa na kwa namna gani, na ombi lililojaa hasira bila stakabadhi haliendi mbali. Iandikieni kaunti na ofisi ya ardhi mkiomba ramani iliyoidhinishwa na rekodi za umiliki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazipa ofisi hizo siku 21 za kujibu.

Kuhusu gharama, korti ndiyo huamua, na mara nyingi huagiza kila upande ujilipie ikiwa kesi ililetwa kwa nia njema. Anayejificha nyuma ya umma ili kulipiza kisasi chake asitegemee huruma hiyo.

Mkazi wa Eastlands
Asanteni sana. Na wakianza kuchimba msingi kabla ya siku hizo 21 kwisha?

Msaidizi wa Sheria
Basi msingoje. Wasilisheni ombi pamoja na hati ya dharura, yaani ya kutaka lisikizwe haraka, mkiomba amri ya muda ya kusimamisha ujenzi, na mwambatishe kwenye hati ya kiapo picha zenye tarehe na nakala ya barua mliyoandika, hata kama haijajibiwa. Kwa kuwa hamjamjua mwenye walinzi, tajeni kama washtakiwa serikali ya kaunti, ambayo hushikilia ardhi kama hiyo kwa niaba ya wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi inayoisimamia. Amri ikitolewa, hakikisheni imewafikia wahusika na mhifadhi uthibitisho, maana ni vigumu kumwadhibu mtu kwa kukaidi amri ambayo hakuijua. Mabati msiyang'oe wenyewe.