Mjadala: Mtumishi wa serikali apimwe kwa kiti anachokalia au kwa kazi anayomaliza?

Wadau, salaam. Nimesita kuandika hili kwa muda mrefu kwa sababu ajira bado ninayo na ninaihitaji. Ila juzi mwanangu wa miaka saba aliniuliza kwa nini siku hizi namwamsha kukiwa bado giza, nikaona heri niliweke hapa tulijadili.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Maryland, Marekani, na ni mtumishi wa serikali kuu ya huku. Ofisi yangu siitaji. Kazi yangu ni kusoma mafaili ya madai. Mtu ameleta vielelezo, navipitia, naangalia sheria inasemaje, naandika mapendekezo, kisha faili linakwenda kwa mwenzangu wa hatua inayofuata. Sina dirisha la kuhudumia watu. Tangu nianze sijaonana ana kwa ana na mwananchi hata mmoja ambaye faili lake limepita mikononi mwangu. Niliajiriwa 2021, na barua ya ajira iliandika wazi kwamba kituo changu cha kazi ni nyumbani kwangu. Kwa kuitegemea barua hiyo, mimi na mume wangu tulinunua nyumba Frederick, mbali na Washington, maana bei za karibu na mji hatuziwezi.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Trump alitia saini agizo fupi sana la kuwataka wakuu wa idara za serikali wasitishe mipango ya kufanyia kazi nyumbani na kuwarudisha watumishi ofisini siku zote za kazi. Wakuu hao waliachiwa nafasi ya kutoa ruhusa maalumu wanapoona inafaa. Tarehe 28 tukapata barua pepe: asiyetaka utaratibu mpya ajiuzulu kwa hiari, ataendelea kulipwa mpaka Septemba 30. Watu wapatao 75,000 walikubali katika awamu ile ya kwanza. Kwetu aliondoka mama mmoja aliyekuwa akiijua sheria ya madai yetu kuliko kitabu chenyewe. Mpaka leo nikikwama bado mkono unataka kumpigia.

Sasa siku yangu iko hivi. Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Watoto nawapeleka kwa jirani na blanketi zao, wamalizie usingizi pale mpaka basi la shule lije. Naingia barabara ya 270, naacha gari Shady Grove, napanda treni ya laini nyekundu. Ofisini meza hazikutosha. Wiki za kwanza nilipangiwa chumba cha kulia chakula, kompyuta ikiwa kando ya maikrowevu, na karatasi yenye jina langu imebandikwa ukutani kwa gundi. Mtu anakuja kupasha chakula chake, nami nasoma ripoti ya daktari kuhusu ugonjwa wa mtu mwingine kabisa, basi nainamisha skrini na kusubiri aondoke. Hilo liliniumiza kuliko safari. Yule mwenye faili alituamini na siri yake.

Saa nne kuna kikao. Wenzangu wa kitengo wako Denver, Atlanta na Kansas City, kwa hiyo navaa hedifoni naongea nao kwa video, vilevile nilivyokuwa nikifanya nyumbani. Kwenda na kurudi ni saa tatu na nusu kila siku. Zamani nusu saa ya muda huo nilikuwa naongezea kwenye mafaili bila kuombwa na mtu. Siku hizi saa yangu ya kutoka ikifika nafunga, kwa sababu nikikosa treni ile watoto wanabaki nje.

Msimamo wangu nauweka wazi. Zipo kazi za serikali ambazo lazima mtu awepo, na zipo ambazo hazina haja hiyo. Amri moja kwa wote haitofautishi mwenye dirisha na mwenye faili, na ahadi iliyoandikwa kwenye barua ya ajira haivunjwi kwa barua pepe. Nyinyi mnaonaje? Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Dodoma

Dada, pole na safari. Naomba nikupinge bila kukuvunjia heshima. Unaongea ukiwa ndani ya dirisha. Mimi pia ni mtumishi, mwaka wa 14 huu, ila mwaka juzi nilikuwa nje ya dirisha.

Baba alistaafu, faili lake la mafao likakosa karatasi moja. Nilikwenda ofisi husika mara tano. Mara ya kwanza mhusika yuko kikaoni. Ya pili kasafiri. Ya tatu nikaonyeshwa kiti chake, koti limening'inia, nikaambiwa, "Yupo, hajaenda mbali." Nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu wanafunga. Naondoka, koti bado liko pale pale. Sasa mtu kama huyo ukimruhusu abaki nyumbani, mzee wangu atampata wapi? Huku kwetu ofisi ndiyo mahali pekee mwananchi anapoweza kwenda kusimama na kusema sitoki mpaka nisikilizwe. Simu haipokelewi, barua pepe haijibiwi. Ukiondoa mlango umeondoa kila kitu.

Mtoa mada

Kaka, pole sana kwa yaliyompata mzee. Lakini hilo koti naomba tulitazame vizuri. Mwenye koti alikuwa amesaini kitabu cha mahudhurio, na nina hakika aliwahi kabla bosi hajapiga kitabuni ule mstari mwekundu wa saa moja na nusu, wa kuwatenga waliochelewa. Kwa hesabu ya serikali siku ile alikuwepo kazini. Marehemu mama yangu alikuwa mtumishi Tanga, namkumbuka akikimbia na viatu mkononi ili auwahi mstari, na alikuwa akisema waliokuwa wanauwahi kila siku wengine ndio walikuwa hawafanyi chochote mpaka jioni. Huku kitabu kimekuwa kadi ya kugusisha mlangoni.

Kwenye dirisha tuko pamoja, dirisha lazima liwe na mtu. Ila picha ya kwamba watumishi wote wa Marekani walikuwa wamelala nyumbani haikuwa ya kweli. Ripoti ya ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Agosti 2024 ilihesabu watumishi wa kiraia milioni 2.28. Asilimia 54 kazi zao ziliwataka wawepo muda wote: wauguzi wa hospitali za wanajeshi wastaafu, wakaguzi wa nyama machinjioni, walinzi wa mipaka. Waliokuwa wakigawa siku kati ya nyumbani na ofisini walikuwa tayari wanatumia karibu asilimia 60 ya saa zao ofisini. Wasio na ofisi kabisa, kama mimi wakati ule, walikuwa asilimia 10 tu.

Upande wa pili nao una hoja, siifichi. Mwaka 2023 wakaguzi wa Bunge walikuta makao makuu 17 kati ya 24 waliyoyaangalia yanatumika robo ya nafasi yake au chini ya hapo. Hayo ni majengo yanayotiwa umeme, joto na ulinzi kwa kodi ya watu. Mlipakodi akikasirika ana haki. Dawa ninayoiona ni kuyauza au kuyapangisha. Kinachonisikitisha ni kwamba mwaka 2025 serikali ilivunja mikataba ya pango na kuwarudisha watu ofisini kwa wakati mmoja, ndipo wengine tukajikuta kwenye vyumba vya chakula.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi nilianza kazi ya serikali mwaka mmoja kabla ya korona. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Kenyatta alipoagiza wenye kazi zisizo za lazima wafanyie nyumbani, nilifurahi kama mtoto. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepotea. Kazi nilifundishwa na mzee aliyekaa meza ya pili kutoka yangu. Hakuwahi kuniitia somo. Alikuwa akinitazama tu, kisha anasema, "Barua hiyo usiitume leo, lala nayo." Jambo kama hilo halitumwi kwa Zoom, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kwamba ananifundisha.

Dada, wewe uliifahamu kazi yako ndiyo ukaweza kuifanyia jikoni kwako. Je, kijana anayeanza leo atajifunza kwa nani?

Halafu la huduma. Hapa kwetu cheti au kibali mtu anaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akiwa Lodwar, mbali kaskazini, na hajali ofisa wa kukikagua ameketi wapi. Lakini pasipoti, hata ukiiomba mtandaoni, lazima ufike ofisini kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Pale nataka kumkuta mtu ameketi. Kwa hivyo nakubaliana nawe nusu: igawanywe kwa kazi. Ila kwa wageni kazini mimi naunga mkono ofisi.

Mchangiaji, Minneapolis

Habari zenu. Mimi ni wa Bukavu, muuguzi katika hospitali huku. Nasoma nikiwa nimetoka zamu ya usiku.

Dada wa Maryland, nakuheshimu na sina kijicho. Lakini sisi hatukupewa hata siku moja ya nyumbani. 2020 tulivaa barakoa moja kutwa nzima, tunarudi nyumbani tunavulia nguo mlangoni ili tusiwaambukize watoto. Mgonjwa hageuzwi kitandani kwa video. Watoto wangu nao huamka gizani, tangu zamani, na hakuna aliyefungua mjadala juu yao. Nikisikia mtu wa ofisi analia juu ya treni, moyo unasema pole, halafu unasema: sasa umejua. Ukitetea saa zako, tutetee na sisi. Anayelazimika kuwepo alipwe kwa kule kulazimika.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Niongeze la kwetu. Januari 27 na 28 mwaka 2025, wakati wa mkutano wa nishati wa marais wa Afrika, watumishi wa Dar tuliambiwa tufanyie kazi nyumbani kwa sababu barabara zinafungwa. Oktoba 30 mwaka huo huo, siku moja baada ya uchaguzi na vurugu zake, tukaambiwa tena, safari hii intaneti ikiwa imezimwa nchi nzima. Nilikaa na kompyuta mapajani, mfumo haufunguki, simu ya bosi haipatikani, nje kumenyamaza. Kazi gani ningeifanya?

Mpaka hapo utaona kwamba kwetu kufanyia kazi nyumbani kumekuja kama dharura. Hatujapangiwa vifaa, kifurushi cha intaneti nanunua kwa mshahara wangu, na mafaili mengine bado ni ya karatasi kwenye kabati. Kabla ya kubishana juu ya ruhusa tuanze na uwezo.

Mtoa mada

Dada wa Minneapolis, nimekusoma mara tatu. Umesema kweli na sina la kujitetea. Kwenye kikao cha chama chetu cha wafanyakazi nitaliweka hilo mezani: anayetakiwa kuwepo na aongezewe. Nilikuwa nimeandika hoja zangu zote bila wewe kuwemo ndani yake.

Ndugu wa Nairobi, la vijana nalikubali pia. Yupo binti mpya kitengoni kwetu, nikikaa naye meza moja siku mbili kwa wiki inatosha kabisa, na siku hizo nitazifuata kwa moyo mweupe. Kugawa siku kati ya nyumbani na ofisini kuna ushahidi wake: utafiti wa mchumi Nicholas Bloom na wenzake, uliotoka 2024, uliwafuata wafanyakazi zaidi ya 1,600 wa kampuni ya Trip.com kule China. Waliobaki nyumbani siku mbili kwa wiki utendaji wao haukushuka, na waliokuwa wakiacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Ile ni kampuni binafsi, lakini hata serikali inaumia mjuzi wake akiondoka. Nilishawaambia juu ya yule mama.

Kaka wa Dodoma, nakurudia wewe. Nasikia sasa mnajaza kazi zenu kwenye mfumo wa e-Utendaji. Kama faili la mzee lingekuwa na jina la mhusika na tarehe ya mwisho, na wewe ukaviona kwenye simu yako, ungekuwa bado na haja ya kukiona kile kiti?

Mchangiaji, Dodoma

e-Utendaji tunajaza, ndiyo. Ila unaonwa na bosi wangu, mwananchi haoni kitu. Jina na tarehe vikifika kwenye simu ya mzee, mimi sitabishana nawe tena juu ya nyumbani.

Na kwa kuwa umeuliza kwa uungwana, niseme na hili. Faili la baba halikumalizwa na mwenye koti. Lilimalizwa na binti wa kitengo kingine, mara ya tano nilipokwenda ndiye aliyeniandikia namba yangu kiganjani mwake. Alinipigia saa moja jioni akasema karatasi imepatikana, na nyuma yake nikasikia mtoto analia na sufuria inagonga. Alikuwa kwake. Bado nataka kile kiti kiwe na mtu.