Patisheni imegeuka RAW, ndani kuna rekodi za kwaya za miaka 6. Nianzie wapi?

SautiYaPili

Habari zenu wakuu.

Nina diski ya nje ya TB 1, ile ya kuzunguka, si SSD. Ina patisheni mbili. Ya kwanza ndogo, ina nyaraka tu, na inafunguka bila shida. Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi: rekodi za kwaya yetu, mazoezi na ibada, tangu 2019. Kinasa sauti nashika mimi, na kila faili nimeipa jina kwa mkono wangu: tarehe, wimbo, kisha aliyeongoza. Faili za WAV zinakaribia 3,000, kama GB 410 hivi.

Juzi nilikuwa nanakili rekodi mpya, umeme ukakatika katikati. Nilipowasha tena, Windows ikasema diski lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Nikakataa. Nikajaribu chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, nayo ikagoma, ati mfumo wa faili ni RAW na yenyewe haishughuliki na RAW. Patisheni bado inaonekana kwenye orodha kwa ukubwa wake uleule, ila jina limepotea.

Nikaipeleka kwa fundi. Sijamaliza hata kueleza, kishale chake kiko juu ya kitufe cha kufomati. Nikachomoa kebo. Akaniangalia kama mtu niliyemtukana mbele ya wateja, na labda nilimtukana kweli, sikumbuki.

Swali langu: naweza kuzipata zikiwa na majina yake? Faili 3,000 zisizo na majina kwangu ni sawa na kuzipoteza, maana nitalazimika kusikiliza moja moja. Na jambo lingine: mara mojamoja nasikia diski ikilia tik. Zamani haikuwa hivyo. Au ni wasiwasi tu.

HarakaHaraka

Pole mkuu. Mbona hilo dogo? Piga fomati ya haraka, ile haifuti data, halafu shusha programu yoyote ya kurudisha faili. Mimi nilifanya hivyo kwenye flashi, nikapata picha zangu zote.

KishokaChaDiski

Tafadhali usifomati chochote.

HarakaHaraka, ulipata picha, sawa. Ulizipata na majina? Fomati ya haraka kweli haipiti diski nzima, lakini inaandika sekta mpya ya kuwashia (kipande kidogo cha mwanzo kinachoitambulisha patisheni) na kuanzisha jedwali jipya la faili. Kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, jedwali hilo linaitwa MFT, na majina, folda na tarehe zote zimo humo. Jedwali jipya likiangukia juu ya la zamani, kinachobaki ni kutafuta faili kwa sura yake. WAV inaanza na herufi RIFF, kwa hiyo programu kama PhotoRec itaiona, lakini itakurudishia kitu kama f1234567.wav. Huyu dada (samahani kama nimekosea, nimebahatisha kwa sauti ya pili) amesema wazi kwamba hataki hicho.

SautiYaPili, kinachonitia hofu zaidi ni hiyo tik. RAW ina maana moja tu: Windows imesoma mwanzo wa patisheni na haikuutambua. Mara nyingi kilichoharibika ni kidogo sana. Ila kama diski yenyewe inaumwa, kila programu unayoiendesha juu yake inamchosha mgonjwa. Kwa hiyo tunatoa nakala kwanza, kisha tunahangaika na nakala.

Washa kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi. Windows haiachi diski ipumzike, kila mara inarudi kuichungulia. Kisha soma rekodi ya afya ya diski (sdb ni jina la diski ndani ya Linux, yako inaweza kuwa na herufi nyingine):

smartctl -a -d sat /dev/sdb

Angalia mistari ya 5, 197 na 198. Ya 5 ni sekta zilizokwisha hamishwa, ya 197 ni zile zinazosubiri kwa sababu hazisomeki, ya 198 ni zilizoshindikana. Ukiona 199 imepanda, badilisha kebo kabla ya kulaumu diski. Tuletee namba.

SautiYaPili

Asante. Ndiyo, ni dada.

5 ni sifuri. 197 ni 56. 198 sifuri. 199 sifuri.

KishokaChaDiski

Basi masikio yako yako sawa. 56 si msiba, lakini ni diski iliyoanza kuchoka.

Tafuta diski ya TB 2. Usiseme nina nyingine ya TB 1 itatosha: picha ya diski nzima ya TB 1 (nakala yake kamili ndani ya faili moja) haiingii kwenye diski ya TB 1 iliyokwisha fomatiwa, mfumo wa faili wenyewe unakula nafasi. Wala isiwe imefomatiwa kwa FAT32, ile haipokei faili inayozidi GB 4. Kisha nakili kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img ramani.map

Mzunguko huu unachota vinavyosomeka kirahisi na kuruka penye mawe, yaani sekta zisizosomeka. Ukimaliza:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img ramani.map

Hapo inarudi kwenye mawe, majaribio matatu. Faili ya ramani usiipoteze, ndiyo inayokumbuka pa kuendelea umeme ukikatika tena. Na soma hizo sdb na sda mara tatu kabla ya kubonyeza. Hiyo -d na hiyo -r haviui data. Kinachoua ni kugeuza chanzo kuwa mwisho.

Tik ikigeuka kuwa mapigo ya mfululizo na diski isitambulike kabisa, zima. Hapo programu hazina kazi tena, ni watu wenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi.

SautiYaPili

Taarifa ya usiku.

Nilianza saa tatu usiku. Nikaweka kiti karibu nayo kama mtu anayelea mtoto mwenye homa, jambo lisilosaidia chochote. Kasi ilikuwa MB 90 na ushei kwa sekunde, halafu ikafika mahali ikaanguka hadi karibu sifuri, tik, tik, kisha ikaruka na kuendelea. Saa tisa usiku mizunguko yote miwili ilikuwa imekwisha. Zilizoshindikana ni baiti 28,672.

Nimegawanya kwa 512, baiti za sekta moja: zinatoka 56. Zilezile za mstari wa 197! Ndogo kuliko picha moja ya simu, lakini sijui zimeangukia wapi.

KishokaChaDiski

Safi sana. Nimeangalia ramani uliyoituma: ni vipande saba vya baiti 4,096, na kipande cha kwanza kimekaa pale pale patisheni ya pili inapoanza. Ndiyo sababu ya RAW. Sekta ya kuwashia haisomeki, basi.

NTFS huweka nakala ya sekta hiyo kwenye sekta ya mwisho ya patisheni. Hiyo yako imesomeka.

Lakini kabla ya kutengeneza, tia alama kwenye mashimo ili baadaye ujue yako ndani ya faili ipi:

printf "HAPASOMEKI" > alama
ddrescue --fill-mode=- alama diski.img ramani.map

Hii ifanye SASA. Ukiifanya baada ya kutengeneza, itaandika juu ya sekta ile ile uliyoirudisha, utarudi hapa unalia.

Kisha endesha testdisk, programu ya kutengeneza patisheni: testdisk diski.img, ingia Advanced, chagua patisheni ya pili, Boot. Ikikuambia ya mwanzo ni mbovu na ya akiba ni nzima, chagua Backup BS. Ikikuambia zote mbili mbovu, usiguse kitu, njoo hapa.

HarakaHaraka

Nimejifunza. Ila mkuu, si angefanya hiyo testdisk moja kwa moja kwenye diski akamaliza kwa dakika mbili?

KishokaChaDiski

Angeweza, na labda ingekubali. Lakini angekuwa anaandika kwenye sekta isiyosomeka ya diski yenye mawe, na rekodi zote ziko humo peke yake. Mimi dakika mbili za namna hiyo nilishawahi kuzilipia kwa wiki mbili.

SautiYaPili

Mbovu, nzima. Nikabonyeza Backup BS huku mkono mwingine uko mdomoni.

Nikafungua picha kwa kusoma tu:

losetup -P -r -f --show diski.img
mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt

Folda zimejipanga kwa miaka. Nilifungua ya 2019 kwanza, na ya kwanza kabisa humo ni zoezi ambalo mwalimu anakohoa, anasema "tena, kuanzia kwa sopreno," halafu kiti kinaburuzwa. Sikuwahi kuipenda ile rekodi.

Zote zina majina. Ile niliyokuwa nainakili umeme ulipokatika imekuja nusu, lakini bado imo kwenye kadi ya kinasa. Nimeshazinakili diski ya tatu.

Nikatafuta alama:

grep -rl HAPASOMEKI /mnt

Imetoka faili moja tu. Vipande vingine nadhani viko kwenye nafasi tupu.

KishokaChaDiski

Moja katika 3,000. Unarekodi kwa kiwango gani?

SautiYaPili

48 kHz, biti 24, stirio.

KishokaChaDiski

Hiyo ni baiti 288,000 kwa sekunde. Kipande cha 4,096 ni kama sekunde 0.014. Utasikia mchomo mfupi, na ukitaka unaufuta kwa programu yoyote ya kuhariri sauti. Fanyia kwenye nakala.

SautiYaPili

Nimeusikia. Dakika ya nne, katikati ya pumzi kabla ya kiitikio: tik. Sauti ileile ya diski, utadhani nayo imejirekodi.

Nimemsikilizisha mwalimu wa kwaya bila kumweleza kitu. Amesema hapo nilikuwa nagusagusa maikrofoni, na kwamba amenikataza mara nyingi.