Fedha za kurejesha miti ya asili Amani, Tanga

Swali: Ndugu zangu, kikundi chetu kina kitalu cha misambu, miti ya asili ya huku, karibu na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ambako Maesopsis, mti wa kuletwa, umetanda hadi ndani ya msitu. Tuombe fedha wapi?

Jibu la 1: Jaribuni Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioandikishwa mwaka 2001, ambao hutegemea faida ya mtaji uliowekezwa, au Mfuko wa Misitu Tanzania.

Jibu la 2: Bajeti isiishie kwenye kupanda, kwani kung'oa machipukizi ya Maesopsis ndiko kunakokula fedha miaka mingi, ingawa wafadhili (nasema kwa uchungu) hupenda kuhesabu miche. Kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kitangulie.