Mkusanyiko wa Phil Spector (mono) unapotea kwenye mikisa, na je, toleo la 2011 lina maana?

DJ_Kabwe
Wakuu, salaam. Kuna usiku wa zilipendwa hapa Mwanjelwa, ukumbi wa watu kama 150, na wazee wameomba zichanganywe na za Marekani za miaka ya 60. Nimepata Back to Mono, ile ya CD nne yenye kazi za Phil Spector, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, nikaihamishia kwenye kompyuta. Kwenye hedifoni iko safi. Nikichomeka kwenye mikisa kwa waya wa AUX (huku pini ndogo, kule pini moja kubwa) muziki karibu unaisha wote, vinabaki vijisauti vya kukwaruza tu. Bongo fleva inapita, ila mwimbaji kama yuko chumba cha pili. Morogoro Jazz nayo inanyong'onyea. Nikiichomoa pini kubwa nusu, sauti inarudi kwa kishindo. Mtu akigusa waya, imekwenda.

Dukani nimeambiwa CD zangu ndizo mbovu, nitafute toleo la 2011 lililosafishwa upya. Ni kweli?

Fundi_Uyole
Mkuu, usinunue CD. Ubovu uko kwenye waya, na dalili umezitaja zote mwenyewe.

Tazama ile pini kubwa. Ina mistari miwili myeusi, sivyo? Maana yake ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Kutoka kwenye kompyuta, ncha inabeba kushoto, pete inabeba kulia, shina ni ardhi. Lakini tundu la chaneli ya mikisa halijui habari za kushoto na kulia. Lenyewe linategemea waya wa balansi, ambao ncha hubeba sauti na pete hubeba sauti hiyohiyo iliyogeuzwa, ili mikisa itoe moja kwenye nyingine na kufuta kelele za njiani. Kwa hiyo mikisa yako inachukua kushoto inatoa kulia. Wimbo wa mono una kushoto sawasawa na kulia. Kumi toa kumi, jibu unalisikia ukumbini.

Bongo fleva ni stereo, ndiyo maana inapona nusu: vinanda vya pembeni vinabaki, ila mwimbaji, besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) hukaa katikati, na cha katikati ndicho kinachofutwa. Rekodi za zamani za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) nyingi ni mono, zinakufa kifo kilekile. Ukichomoa pini nusu, sehemu zake hazikai tena zinapotakiwa, mikisa inasoma upande mmoja tu. Usizoee hivyo, unachosha tundu.

Hakikisha kabla ya kutoa hela: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta, ushushe upande wa kulia mpaka sifuri. Sauti ikirudi, tatizo ni hilo. Na kwa nyimbo za mono unaweza kupiga usiku mzima hivyohivyo bila kupoteza kitu, kwa sababu upande mmoja una kila kilichomo.

Dawa ya kudumu ni waya wa pini ndogo ya stereo upande mmoja na pini kubwa MBILI upande wa pili, kila moja ikiwa na mstari mmoja tu mweusi. Ingiza kwenye chaneli mbili au kwenye chaneli ya stereo. Kama nafasi kwenye mikisa ni moja tu, tengeneza mwenyewe: ncha ya pini ndogo ipite kwenye rezista ya omu 470 (njano, zambarau, kahawia), pete nayo ipite kwenye rezista yake ya 470, kisha ncha nyingine za rezista ziungane kwenye ncha ya pini kubwa ya mono. Shina kwa shina. Usizisokote nyaya mbili pamoja bila rezista. Kila upande wa kompyuta utakuwa unausukuma mwenzake, sauti inakwaruza na saketi ya kutolea sauti inaumia.

Sahani_Kihesa
Fundi kamaliza la waya. Mimi nijibu la toleo, maana hapo wauzaji wanachanganya watu.

Back to Mono ilitoka 1991 kwa ABKCO: CD tatu za nyimbo 60, za 1958 hadi 1969, na ya nne ni albamu ya Krismasi ya 1963. Jina lenyewe ni msimamo wa Spector mwenyewe, alitaka kazi zake zisikike kwa mono. Za 2011 zilitolewa na Legacy, tawi la Sony, na si kitu kimoja. Kuna CD moja ya Wall of Sound inayochukua 1961 hadi 1966, kuna The Essential ya CD mbili, na kuna boksi la The Philles Album Collection la CD saba: albamu sita za Philles, lebo ya Spector, na CD moja ya zile nyimbo za ala tupu zilizokuwa zinawekwa upande wa pili wa sahani ndogo. Kwa ukumbi wa wazee, boksi la saba ni mzigo bure. The Essential inatosha, na kama tayari unayo Back to Mono, baki nayo.

Kusafisha upya hakuongezi kilichokuwa hakimo. Anayefanya kazi hiyo anatafuta utepe mama (utepe wa rekodi ya asili) ulio karibu zaidi na wa kwanza, anausoma kwa mashine iliyopangwa vizuri, halafu anarekebisha besi, trebo na ukubwa wa sauti. Kazi ikifanywa kwa pupa, inaharibika kwa namna mbili: kuondoa mnong'ono wa utepe hadi mwangwi unakatwa, na kupandisha sauti hadi vilele vinakuwa bapa.

Kipimo changu ni sekunde chache za mwanzo za Be My Baby ya The Ronettes, pale ngoma za Hal Blaine ziko karibu peke yake. Kiki tatu, kisha pigo moja zito. Sikiliza nyuma ya lile pigo. Mwangwi wake unatakiwa ufe polepole, kama mtu anayeondoka kwenye korido. Ukikatika ghafla, toleo hilo limepitishwa kwenye kichujio cha kelele, liache. Mwangwi ule si kifaa cha kubonyeza. Gold Star, studio aliyorekodia Spector pale Los Angeles, walikuwa na vyumba vya mwangwi: spika inapiga ndani ya chumba kitupu chenye kuta ngumu, maikrofoni inanasa kinachorudi. Ukichanganya hicho na magitaa kadhaa na piano zaidi ya moja vikipiga noti zilezile ndani ya chumba kimoja, unapata ule ukuta wa sauti. Ukiukatia mwangwi umebaki na kelele za watu wengi.

Jihadhari zaidi na makusanyo ya bei chee yenye majina ya The Ronettes au The Crystals, vikundi vya wasichana vya Spector. Mengine ni nyimbo zilizorekodiwa upya miaka mingi baadaye, na maandishi ya kukiri hilo yako nyuma, madogo kama mbegu za ulezi. Hizo hata zisafishwe mara kumi si kazi ya Gold Star.

Na ukiandika majina kwenye orodha yako: He's a Rebel ya 1962 imeandikwa The Crystals, lakini anayeimba ni Darlene Love. Mzee wa ukumbini akikubishia kuwa sauti ile si ya The Crystals, yuko sahihi.

Mitambo_Njombe
Naongezea njia ya kujua kama faili ni mono kweli, maana mengine ni stereo ya kughushi: kampuni zilichukua mono, besi zikasukumwa upande mmoja na trebo upande mwingine. Na albamu ya Krismasi ina matoleo ya stereo halisi ya miaka ya 70.

Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Bonyeza jina la wimbo kushoto, chagua "Split Stereo to Mono". Chagua mstari mmoja, nenda "Effect", weka "Invert". Piga yote miwili kwa pamoja. Kimya kabisa: mono safi. Vijisauti kama maji yanayochuruzika: ilikuwa mono, ila imepita kwenye MP3. Muziki unasikika vizuri: si mono. Ni hesabu ileile waya wako ulikuwa unaifanya bila kutumwa.

Kusawazisha ukubwa wa sauti, tumia "Loudness Normalization". Yenyewe huja na -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo kwa ukumbi ni ndogo. Weka -16 kwa nyimbo zote, za zamani na za sasa, na usiondoe tiki ya kuhesabu mono kama chaneli mbili. Ukiiondoa, mafaili ya chaneli moja yatatoka na kipimo tofauti na wenzao. Hifadhi FLAC (faili lisilopunguza ubora), si MP3 juu ya MP3.

Ukumbini: zima mwangwi wa mikisa kwenye chaneli ya muziki. Rekodi ina mwangwi wake, paa la bati na sakafu ya saruji vina wao, ukiongeza wa tatu unapika uji. Punguza kati ya hezi 200 na 400, desibeli 3 tu. Besi ya chini ya 60 usiitafute, kazi hizi zilichanganywa zikilenga redio na spika ndogo za gari. Ukiipandisha utapata mngurumo, mpigaji besi mwenyewe humpati.

Halafu kagua nyaya za spika. Ukikuta moja chanya na hasi zimegeuzwa, mono inaadhibu kuliko stereo: ukisimama katikati ya ukumbi besi haipo, ukisogea kwenye spika moja ipo.

DJ_Kabwe
Nimeshusha kulia hadi sifuri, sauti imejaa. Pini ina mistari miwili kama mlivyosema. Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: chaja ikiwa kwenye kompyuta kuna mngurumo "mmmm". Nao ni waya huu?

Fundi_Uyole
Hapana, huo ni mzunguko wa ardhi. Kompyuta na mikisa zinapata ardhi kwa njia mbili tofauti. Kwanza ziweke zote kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukibaki, weka DI boksi (kisanduku cha kuunganisha kompyuta na mikisa) yenye transfoma kati yao, uibonyeze swichi ya kukata ardhi. Usikate mguu wa ardhi wa plagi ya mikisa, hata kama jirani anakwambia kwake inafanya kazi. Hapo unayemwekea hatari ni mtu atakayeshika maikrofoni.